Ukuta Kwanza, Mpaka Baadaye

Kila masika yanapokolea, kwenye miteremko ya Kimara, Goba na Makongo jijini Dar es Salaam kuna kuta zinazoanguka. Jirani wa juu alisawazisha kiwanja chake wakati wa kiangazi, akasukuma kifusi hadi kikaegemea ukuta wa jirani wa chini. Mvua ikaja ikapiga usiku kucha. Kulipokucha ukuta umelala, tope limeingia mpaka jikoni, na kwenye kona ya chumba cha kulala umefunguka ufa ambao jana haukuwapo. Mwenye nyumba ya chini anapanda kudai ukuta wake. Wa juu anamjibu kwamba ukuta wenyewe ulikuwa umejengwa ndani ya eneo lake. Hapo hapo mazungumzo yanageuka. Hakuna tena anayetaja kifusi, maji wala ufa. Linalobishaniwa ni nani alinunua kwanza, aliuziwa na nani, mjumbe gani alitia saini, bikoni ilikuwa wapi, na mwembe uliokatwa ulikuwa wa nani. Shauri linapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, linapanda kwenye kata, linafika wilayani, na masika ya pili yanaikuta kona ile ile ya chumba ikiwa wazi zaidi.

Naamini kosa kubwa katika magomvi ya namna hii hutendeka katika dakika hizo za mwanzo, pale swali la uharibifu linapomezwa na swali la mpaka. Ni maswali mawili. Yana ushahidi tofauti, wataalamu tofauti, na hata muda wake kisheria ni tofauti. Majirani, na viongozi wanaowasuluhisha, wanapaswa kuyatenganisha tangu siku ya kwanza na kuanza na lile la uharibifu: nini kimeharibika, kimeharibiwa na nini, kitatengenezwa na nani na lini. Mpaka usubiri zamu yake.

Tuanze na uharibifu wenyewe, kwa sababu mara nyingi unasomeka waziwazi kuliko tunavyodhani. Ukuta wa tofali za inchi sita hujengwa kutenganisha viwanja. Haujengwi kubeba udongo. Ukirundikiwa kifusi upande mmoja, tena hauna matundu ya kupitishia maji, mvua hujaa nyuma yake na kuusukuma. Maji yenye kina cha mita moja huusukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu nusu tani. Kina kikifika mita mbili, msukumo haurudufiki tu, unakuwa mara nne, yaani kama tani mbili. Hapo udongo wenyewe haujahesabiwa. Maji ya paa nayo ni hivyo hivyo. Paa lenye eneo la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50, mvua ambayo Dar es Salaam huiona ndani ya siku moja, humwaga lita 5,000. Kama paa lina migongo miwili na halina gata, lita 2,500 zinaanguka upande mmoja, kwenye mstari ule ule mwembamba, kila mvua inyeshapo. Ukienda kutazama chini ya ncha za mabati utaukuta mfereji uliochimbwa na matone, na ukiufuata mfereji huo utakuta umefika kwenye msingi wa nani. Fundi mzoefu hahitaji hati ya kiwanja ili ayaone haya. Anahitaji futikamba, tindo na saa moja ya mchana.

Tena tazama uharibifu unapotua. Ugomvi wa mpaka kwa kawaida ni wa ukanda mwembamba: hatua moja, mbili, pengine upana wa ukuta wenyewe. Lakini tope haliishii kwenye ukanda huo. Linaingia jikoni, linaziba chemba ya choo, linakwenda chini ya msingi wa chumba ambacho hata jirani wa juu hawezi kudai kwamba ni chake. Kwa hiyo hata tukikubali, kwa ajili ya hoja tu, kwamba ukuta ulivuka mpaka kwa nusu mita, sehemu kubwa ya hasara bado iko mahali pasipo na ubishi wowote. Na kuvuka mpaka hakumpi jirani ruhusa ya kuusukumia ukuta kifusi. Dawa ya jirani aliyevuka ni kumshitaki barazani ili aamriwe kurudi nyuma.

Sheria yetu inaruhusu utenganisho huu. Tanzania ilirithi sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na ndani ya urithi huo kuna kanuni ya Rylands dhidi ya Fletcher iliyothibitishwa mwaka 1868: mtu anayekusanya kwenye ardhi yake, kwa matumizi yasiyo ya kawaida, kitu ambacho kikitoroka kitaleta madhara, hujibu madhara hayo kinapotoroka. Kesi yenyewe ilihusu bwawa lililovuja na kufurika katika migodi ya jirani. Wajibu huko unafuata kitendo na madhara yake. Halafu kuna suala la muda, ambalo wengi hawalijui mpaka limewadhuru. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, shauri la kudai ardhi lina miaka 12. Shauri la madai ya madhara, ambamo fidia ya ukuta ulioangushwa huangukia, lina miaka mitatu. Sisi tunafanya kinyume kabisa: tunakimbilia lile lenye miaka 12 na kuliacha lenye miaka mitatu lizeeke. Mtu anaweza kuja kushinda shauri la mpaka katika mwaka wa tano, akarudi kudai gharama za ukuta, akaelezwa kwamba kwa ukuta amechelewa.

Kwa nini basi kila mtu hukimbilia mpaka? Sababu moja ni hasira, na hasira ya ardhi kwetu ina mizizi mirefu. Lakini sababu nyingine ni muundo wa vyombo vyetu, ambavyo mlango wake mkubwa umeandikwa ardhi. Tangu Sheria ya Mahakama za Ardhi ya 2002, migogoro ya ardhi ina ngazi zake: baraza la ardhi la kijiji, baraza la kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani. Marekebisho ya 2021 yaliliondolea baraza la kata uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi. Sasa linapatanisha tu, na Baraza la Wilaya halisikilizi shauri linalogusa umiliki au maslahi katika ardhi mpaka kata ithibitishe kwamba upatanishi umeshindikana, isipokuwa kama siku 30 zimepita bila suluhu. Nayaunga mkono marekebisho hayo kwa nia yake. Hofu yangu ni kwamba siku 30 hizo zimegeuka kituo cha kungojea karatasi. Wadaawa wanafika wakiwa wameshaamua kwenda wilayani, wanasikilizwa juu ya mpaka ambao baraza halina uwezo wa kuuamua, wanaandikiwa kwamba imeshindikana, wanaondoka. Ukuta, ambao ungeweza kupatiwa ufumbuzi kwenye meza ile ile kwa mchana mmoja, haukuulizwa. Na hili ni baraza ambalo sheria iliyoliunda mwaka 1985 ililipa kazi ya msingi ya kulinda amani na utulivu katika eneo lake kwa kuwapatanisha watu.

Wengine hukata njia kwa kwenda polisi. Kuharibu mali kwa makusudi ni kosa chini ya kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake yaweza kufika miaka saba jela. Kuna mahali pa njia hiyo: aliyechukua nyundo usiku akabomoa ukuta wa mwenzake hastahili kubembelezwa. Lakini katika magomvi mengi ya mpakani njia hii inakwama mapema. Mahakama zetu zimeshaeleza, katika uamuzi uliochapishwa kwenye ripoti za sheria za 1992, kwamba shitaka la kuingia kwa jinai haliwezi kusimama pale ambapo umiliki wa ardhi husika unabishaniwa na haujaamuliwa katika shauri la madai. Mshitakiwa akishasema tu kwamba pale ni kwake, jalada la jinai linaanza kuyumba. Mpaka unarudi tena kuuziba mlango.

Wapo watakaoona pendekezo hili kama jambo la kigeni. Ni kinyume chake. Katika fiqhi ya Kiislamu, iliyoongoza ujirani wa miji ya pwani kwa karne nyingi, mojawapo ya kanuni tano kuu ni kwamba madhara sharti yaondolewe. Katika miji kama Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako nyumba zimebanana na nyingine zinachangia ukuta mmoja wa mawe na chokaa, kanuni ya namna hiyo si anasa. Ukuta wa pamoja ukianza kuachia, nyumba zote mbili zimo hatarini, na kungoja ijulikane nusu ipi ni ya nani ni kungoja zote ziporomoke. Kilimanjaro nako, masale yanayopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba ndiyo hayo hayo ambayo Mchaga huyachukua anapokwenda kuomba msamaha kwa aliyemkosea. Wazee waliojua thamani ya mpaka kuliko sisi hawakuona kwamba kuulinda kunamzuia mtu kwenda kumaliza ubaya na jirani yake.

Hata Waingereza, tuliorithi kwao sheria, hawakuuachia mpaka uamue kila kitu. Sheria yao ya mwaka 1996 kuhusu kuta za mpakani inamtaka anayekusudia kugusa ukuta wa pamoja atoe taarifa ya miezi miwili. Anayechimba ndani ya mita tatu kutoka jengo la jirani, kwa kina kinachopita msingi wa jirani huyo, atoe taarifa ya mwezi mmoja. Wasipokubaliana, wapimaji wa majengo huteuliwa na kutoa uamuzi wa maandishi kuhusu kazi itakavyofanyika na uharibifu utakavyofidiwa. Kwa kawaida hali ya nyumba ya jirani hukaguliwa na kuandikwa kabla jembe halijagusa ardhi. Ila kuamua mpaka uko wapi si kazi ya uamuzi huo. Kenya nayo imetambua kwamba mpaka una mtaalamu wake: chini ya kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, mahakama haipokei shauri la mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla msajili hajaubainisha. Hapo maswali yametenganishwa kwa maandishi ya sheria, na kila moja limepewa mtu wa kulijibu.

Sasa tulete jambo hili mtaani kwetu. Ninachopendekeza ni karatasi moja, ya kurasa mbili au tatu, inayoandikwa ndani ya siku chache baada ya uharibifu, mbele ya mwenyekiti au mtendaji wa mtaa na shahidi mmoja wa kila upande. Kila jirani anakuja na fundi wake. Mafundi wanapima: urefu wa ukuta ulioanguka, kimo chake, unene wa tofali, kina cha kifusi kilichokuwa nyuma yake. Picha zinapigwa futikamba ikiwa imewekwa juu ya kinachopigwa, ili ukubwa usibishaniwe baadaye. Kwenye kila ufa, ncha zote mbili zinatiwa alama ya penseli na tarehe, na katikati yake linapakwa tonge la plasta. Plasta ikipasuka baada ya wiki tatu, nyumba inaendelea kusogea na kazi ya haraka ni kuutegemeza ukuta na kuyageuza maji. Ikibaki nzima, kuna nafasi ya kupanga matengenezo kwa utulivu. Kisha linaandikwa chanzo kama mafundi walivyokubaliana, au walivyotofautiana, pamoja na gharama, mgawanyo wake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Mwisho inawekwa sentensi moja ambayo bila hiyo karatasi haina maana: kwamba hakuna lolote katika makubaliano haya linalokubali, kukana au kuathiri dai la upande wowote kuhusu mahali mpaka ulipo. Saini, dole gumba kwa asiyeandika, nakala tatu. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo karatasi hiyo haitahitaji kutafsiriwa ikifika mbele ya hakimu.

Pingamizi la kwanza, na ndilo linalowazuia wengi, ni kwamba anayekubali kutengeneza amekubali kosa, na anayekubali ukuta ujengwe upya pale pale amekubali mpaka. Hofu hii haitokani na ujinga. Watu wamewahi kuona hisani yao ikirudi kama ushahidi dhidi yao. Lakini dawa yake ni hiyo sentensi ya mwisho. Sheria ya Ushahidi inalinda maungamo yanayotolewa katika shauri la madai kwa sharti la wazi kwamba hayatatumika kama ushahidi, na karatasi inayosema bayana kwamba dai la mpaka limebaki lilivyo ni kinga kubwa kuliko kunyamaza. Anayenyamaza miaka 12 huku jirani akitumia ukanda wake ndiye aliye hatarini. Aliyetia saini karatasi inayosema mpaka unabishaniwa ameweka kumbukumbu ya dai lake, yenye tarehe na mashahidi. Kama mahali pa kuujenga ukuta pana utata, makubaliano yaweza kusema ujengwe uzio wa muda wa mabati, ilhali kifusi kinaondolewa na mtaro wa kugeuzia maji unachimbwa upande wa juu, ambako hakuna anayebisha ni kwa nani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba suluhu ya mtaani humpendelea mwenye nguvu. Mjane anayesumbuliwa na shemeji, mpangaji mbele ya mwenye ghorofa, mwanachama wa chama kimoja mbele ya mwenyekiti wa chama kingine. Nakiri kwamba hili lipo, na kwamba neno mapatano limetumika mara nyingi kumnyamazisha mtu dhaifu. Ndiyo maana katika ninachopendekeza mwenyekiti hapewi uwezo wa kuamua chochote. Kazi yake ni kushuhudia vipimo na saini. Kipimo cha futikamba hakibadiliki kwa sababu mmoja wao ana gari. Tena tuulize kusubiri kunamuumiza nani. Mwenye ghorofa anaweza kulipa wakili na kungoja mwaka wa sita akiwa amelala pakavu. Mjane anayelaza watoto chini ya ukuta wenye ufa hawezi. Kuchelewesha matengenezo mpaka mpaka ujulikane ni silaha ya yule anayeweza kungoja, na utaratibu unaotanguliza matengenezo unamnyang'anya silaha hiyo. Pale ambapo uharibifu wenyewe ni njia ya kumfukuza mtu, pale ambapo kifusi kilimwagwa ili ahame, sisemi aende kukaa mezani. Aende kuomba zuio mara moja, akiwa na vipimo na picha zile zile, maana hata amri ya muda haitolewi kwa machozi peke yake.

Kuna pia wanaouliza: jirani aliyesababisha asipokuwa na fedha, itakuwaje? Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi inayofanana mno na mazingira yetu ya miteremko. Kilima cha asili huko Somerset, mali ya taasisi ya National Trust, kilikuwa kikimomonyoka juu ya nyumba zilizokuwa chini yake. Baada ya kiangazi kikali cha 1976 na mvua za majira yaliyofuata, udongo na visiki vikaporomoka. Mahakama ilisema mwenye ardhi ana wajibu wa kuchukua hatua hata kama hatari ni ya asili, ila wajibu huo unapimwa pia kwa uwezo wake. Asiye na fedha yaweza kutosha awape majirani taarifa na kuwaruhusu waingie kufanya kazi. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini busara yake inafaa kuazimwa. Jirani maskini anaweza kuchangia nguvu kazi ya kuondoa kifusi, kulipa saruji kwa awamu, au kuruhusu mtaro upite kwenye kiwanja chake. Ninachokataa ni hoja kwamba kwa kuwa hana yote, asitoe chochote mpaka wilaya iamue bikoni ilikuwa wapi.

Kuhusu mpaka wenyewe sina mengi. Ukishatenganishwa na tope na ufa, unakuwa jambo linaloweza kungoja mpimaji. Kwenye viwanja vilivyopimwa kuna ramani na namba za bikoni, na mpimaji mwenye leseni anaweza kuzirudisha mahali pake. Kwenye makazi yasiyopimwa, ambayo ni sehemu kubwa ya Dar es Salaam, kazi ni ngumu: kuna hati za mauziano za mkono, safu ya minyaa, kumbukumbu za waliouza. Mambo hayo yanataka mashahidi wasikilizwe taratibu, na baraza likafike eneo lenyewe, wadaawa wote wakiwapo na yote yaliyoonekana yakiandikwa. Haiwezekani kuyafanya vizuri wakati mmoja wa wadaawa anakinga maji ya mvua kwa ndoo chumbani.

Halmashauri hazihitaji kungoja sheria mpya ili kuanza. Kibali cha ujenzi tayari hutolewa na wao. Wanaweza kumtaka kila anayejenga au kusawazisha kiwanja kwenye mteremko aambatishe picha na maelezo ya hali ya kuta za jirani kabla ya kuchimba, yakiwa yamesainiwa na jirani huyo. Mabaraza ya kata nayo yanaweza kuamua kwamba swali la kwanza katika siku zile 30 litakuwa kama kuna kitu kilichobomoka, na kama kipo, fundi aende kabla ya kikao cha pili. Gharama ya fundi huyo kwa siku moja ni ndogo kuliko nauli ambazo wadaawa wawili watatumia kwenda na kurudi wilayani kwa mwaka mmoja.